Kwa Nini Ubao wa Marimba Haulazwi kwa Ncha Zake

Kaeni vizuri, na mwenye ubishi wake auweke mpaka nimalize. Hapo kale uwanda wetu ulikuwa na ngoma za ngozi tu, marimba haikujulikana. Mwali alikaa ndani hadi wajomba zake, ng'ambo ya bonde, wasikie ngoma ya baba yake waje kumtoa. Bila mlio, hatoki.

Basi mwaka mmoja yakaja masika mabaya, ngozi zote zikaoza. Binti wa Lipanda mchonga vinyago, Nantale, alikuwa ndani. Masika yakapita na wachumba wakaanza kunong'ona, mtoto yuko gizani tu. Lipanda akaapa atauimbisha mti.

Akachonga ubao, nao ukamtoa jasho. Akiuning'iniza kwa kamba na kuugonga, unaimba. Akiulaza juu ya vigogo viwili vya mgomba, kila kimoja nchani, kama kitanda kinavyokaa na daraja linavyokaa, unasema ko, basi. Akavisogeza vigogo katikati. Ko. Akachonga mwingine, mrefu zaidi. Ko. Lipanda alichanganyikiwa, chakula hakipiti.

"Baba Nantale," mkewe Nambwela akamwambia, "mtoto anasahau jua lilivyo."

"Najua, mama. Ubao huu hewani unaimba, chini unanuna, na sijui nimeukosea wapi."

Nambwela alikuwa akichekecha unga. Ubao ulikuwa umelala juu ya tita la nyasi laini, naye, kwa kukosa pa kumwaga, akamwaga juu yake chenga zilizokataa kupita. Lipanda akapandwa na hasira, akaugonga. Chenga zikaruka, zikakimbia, zikajipanga mistari miwili, mmoja huku, mmoja kule, karibu na ncha lakini si nchani. Akagonga tena. Zile za kwenye mistari hazikutikisika.

Akavileta vigogo chini ya mistari ile, akapiga. Lo! Ubao ulilia hadi bonde likaitika.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Alipima kwa kamba yenye urefu wa ubao: akiikunja sehemu nne, sehemu moja kutoka nchani inapita mstari, akiikunja sehemu tano, haifiki. Ubao mfupi, mambo ni yale yale. Mrefu, yale yale. Wajomba walifika wakicheza, wakamkuta amechuchumaa, anakunja na kukunjua.

"Baba," sauti ikasema mlangoni, "nimetoka."

Nantale alikuwa amejikinga macho kwa viganja viwili. Lipanda akamtazama, akalia mbele za watu bila haya, kamba ikamponyoka.

Na tangu siku hiyo ubao wa marimba haulazwi nchani wala katikati, bali pale chenga zinapotulia. Msiniulize kwa nini pale. Lipanda alikufa anakunja kamba, na mafundi wa leo bado wanakunja. Lakini mwali akisubiri ndani, wanaacha kukunja, wanaomba chenga jikoni, na wanapiga.