Makosa Kumi na Saba

Saa tatu na dakika tano asubuhi, siku ya Jumamosi, mezani pa mstaafu mmoja palikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili zilizofungwa kwa uzi. Viti vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kimebeba magazeti kwa miaka kadhaa. Asubuhi hiyo aliyatoa, akakifuta vumbi.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Wenzake walimbandika jina la Jicho, kwani kosa lililompita lilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Tangu afiwe na mkewe aliishi peke yake, na zilipita siku nzima asifungue kinywa ila kwa kula. Mwanawe wa pekee, fundi umeme katika mji mwingine, alikuwa hajamwandikia kwa miaka tisa.

Ndiyo sababu akaandika tawasifu. Wasifu, alipenda kueleza, ni maisha ya mtu yakisimuliwa na mwingine. Tawasifu mtu hujisimulia mwenyewe, maana hakuna amjuaye kumshinda yeye. Nakala ya kwanza ilikuwa ya mwanawe. Akiisoma, atamwelewa babake, na akimwelewa atarudi.

Kanuni ya kazi yake ilitaka watu wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kalamu. Akamwita mdogo wake, mshonaji mwenye ulimi mwepesi kuliko cherehani yake.

“Kaka, hata ukiota ndoto nadhani unatafuta nukta,” alisema akiketi.

“Soma, mdogo wangu. Mzaha baadaye.”

Akasoma. Utoto ukapita, kiwanda kikapita, msiba ukapita. Jicho alirekebisha mkato hapa, herufi pale. Saa tisa alasiri wakafika ukurasa wa mia moja na tisini.

“‘Mwanangu aliniandikia barua,’” mshonaji alisoma. “‘Nilimrudishia ikiwa imesahihishwa, kama afanyavyo mzazi amtakiaye mema mwanawe. Hakuandika tena. Vijana wa leo hawapendi kuelekezwa.’” Akainua macho. “Ulimrudishia mtoto barua yake?”

“Ilikuwa na makosa kumi na saba.”

“Ilisema nini?”

Jicho akaweka kalamu chini. Makosa aliyakumbuka kama yaliyofanywa jana: herufi kubwa zilizosahauliwa, aya isiyo na mwisho, tarehe iliyowekwa upande usio wake.

“Neno ‘karibu’ alilirudia mara tatu katika aya moja,” alisema. “Nikakata mawili.”

Mshonaji aliziweka kurasa mezani.

“Wifi alikuwa ametoka kuzikwa,” alisema. “Mtoto aliniambia amekutengea chumba, amenunua hata kitanda. Alikuwa anakuita ukakae naye, kaka.”

“Angesema waziwazi.”

“Mara tatu?”

Jicho alitazama ukurasa. Sentensi zake zilikuwa safi kama maji ya mtungi. Hakuona pa kuweka kalamu. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kile chumba bado kipo.

“Kina watoto wawili sasa. Sijui kama wameambiwa wana babu.”

Mshonaji akaandika namba ya simu kwenye kipande cha gazeti, maana kaka yake hakuwa nayo. “Kitabu usikipeleke,” alisema mlangoni. “Piga.”

Alipoondoka, nyumba ilitulia tuli. Saa kumi na dakika ishirini Jicho alipiga namba ile. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Sauti ya mtoto ikaitikia, ikauliza ni nani.

“Babu yako,” alisema Jicho.

Akamsikia mtoto akimwambia mtu, “Anasema ni babu.” Sauti ya mwanamume ikajibu kwa mbali, bila hasira, “Wewe huna babu. Amekosea namba.”

Simu ikakatwa. Hakika, nyani haoni kundule.