Maji Kinywani

Nyamazeni niwape ngano, maana hata binti mmoja, Mbodze, alipona kwa kunyamaza.

Siku moja alikwenda kutazama chemchemi za msituni, viboko wakioga na kima wakirukaruka. Mara zimwi likamnusa. Akakimbilia pangoni, penye jicho la maji.

"Hodi," zimwi likaita. Zimwi haliingii lisipokaribishwa. Lakini Mbodze alilelewa akaleleka, ulimi ukamwasha kuitikia "Karibu."

"Hodi, mwanangu," likaita kwa sauti ya mamake. Neno likamfika menoni. Akachota maji, akayajaza kinywani.

"Hodi," likanguruma. Mashavu yakamvimba, asimeze wala asiteme.

Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni hurudi. Zimwi likaondoka likisonya.

Mbodze akashika njia na maji yake mpaka kwao, akasimama mlangoni kimya.

"Karibu ndani, mwanangu," mama akasema.

Ndipo alipoyameza.