Kifaru na Kibuyu cha Masharti

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiposana na kuozana kwa pilau na vigelegele kama sisi, paliishi Kifaru mmoja mwenye ngozi nene kuliko ukuta wa ngome, na moyo mwepesi kuliko unyoya. Msicheke bado. Nitawaambia wapi pa kucheka. Hadithi hii wengine huisimulia ikiwa imepoa kama chai ya jana. Ya moto ninayo mimi peke yangu. Basi kaeni vizuri, na wewe mwenye kamasi sogea nyuma kidogo.

Kifaru huyo alikuwa na wasiwasi. Si ule wa kumwona Simba, ukakimbia, yakaisha. Wa kwake uliamka naye, ukanywa naye uji, ukalala naye kitanda kimoja. Jani likianguka, pa! moyo wake unaanza: du! du! du! Miguu inaingia baridi, na macho yake, ambayo tangu hapo hayaoni mbali, yanaona adui katika kila kichaka.

Sasa wewe ukiogopa unajificha kwenye kanga ya mama yako. Nimekuona. Kifaru akiogopa huinamisha pembe na kwenda mbele, puruuu! bila kujua anakwenda wapi. Majirani walisema, "Jeuri yule! Mkali yule!" Kumbe maskini, mkali gani? Alikuwa anakimbia, ila anakimbilia mbele.

Aibu ilimkuta siku ya posa ya binti yake, Mashavu.

Wageni walitoka ng'ambo ya mto, wakiongozwa na mshenga wao, Korongo, shingo ndefu, manyoya meupe kama kanzu ya sikukuu. Mama Mashavu alikuwa amebandika sufuria la pilau kwenye mafiga uani. Kifaru ameketi mkekani, anatabasamu kwa shida, jasho linamtiririka nyuma ya masikio.

"Tumekuja kuomba jiko," akaanza Korongo kwa madaha.

Mara kuni mbichi ikapasuka: pwaa!

"Moto!" akanguruma Kifaru. Akaruka, akaukanyaga moto, akayakanyaga mafiga, akalikanyaga sufuria. Gubi! Pilau lote juu ya Korongo. Kifaru hakusimama kutazama. Akatoboa ua, akapita juu ya kichuguu alimokuwa amejenga Nguchiro, akakifanya bapa kama chapati, akapotelea porini.

Korongo alichambua wali shingoni punje kwa punje, na ile shingo mnaijua urefu wake.

"Mama Mashavu," akasema, "binti yenu tumempenda. Lakini kwa mila yetu baba mzazi ndiye anayeshika mkono wa bwana harusi na kutamka. Tutarudi mwezi ukiandama, na ngoma zetu. Baba akikimbia tena, posa yetu tunaibeba tunaondoka nayo."

Kifaru aliporudi jioni, ananyata kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe, alimkuta Mashavu anafagia wali.

"Mjomba yupo," akasema Kifaru huku anatazama kwato zake. "Mjomba anaweza kukuoza, mwanangu."

"Mjomba simtaki, Baba," akasema Mashavu, fagio halikusimama. "Nikiozwa, niozwe na wewe. Kama si wewe, basi."

Maneno hayo yalimwingia Kifaru kuliko mkuki.

Akaenda kwa mganga Nungunungu. Nungunungu hakuwa tapeli, msimsingizie. Alimpa mzizi mchungu, akamwambia autafune. Kifaru akatafuna. Akalala, akalala, akalala mpaka mchwa wakaanza kujenga mguuni pake. Alipoamka ametulia kweli, lakini hakumbuki jina la mkewe.

"Ndugu yangu," Nungunungu akamwambia, "mzizi wangu kazi yake kulaza, na umelala. Ila baba anayekoroma haozeshi."

Kifaru akarudi nyumbani kichwa chini. Hajakaa vizuri, mlangoni: ngo! ngo! ngo!

"Hodi, mbomoaji!"

Ni Nguchiro. Kimo chake hakifiki goti la Kifaru, lakini mdomo! Amejitwika vyungu kichwani, mkeka kwapani, mkia umesimama kama fagio la chelewa.

"Nimekuja kukutukana," akasema Nguchiro. "Nyumba yangu umeifanya chapati. Matusi nimeyapanga njia nzima, mazuri, mengine yana vina. Uko tayari?"

"Nitukane tu, jirani," akasema Kifaru, na chozi kubwa likadondoka, chubwi! likajaza chungu kimoja cha Nguchiro.

"Aa! Aa! Ndiyo nini hiyo? Mtu mzima na pembe zake analia, mimi matusi yangu niyapeleke wapi?" Nguchiro akaketi juu ya mkeka wake. "Haya, sema. Unaogopa nini?"

"Kila kitu. Na kukiwa hakuna kitu, naogopa kinakuja. Nikianza kuogopa, naogopa kwamba nimeanza kuogopa. Mwezi ukiandama wanakuja na ngoma, Nguchiro. Nikikimbia, mwanangu haolewi."

Nguchiro akakuna kidevu. Akanyamaza, jambo ambalo mama yake mzazi hajawahi kuliona. Kisha akatoka nje mbio, chapu chapu, akazunguka nyuma ya jiko. Aliporudi alikuwa na kibuyu kidogo, mdomo umezibwa kwa nta, na jani moja limening'inizwa kwa uzi mbele yake.

"Shika kwa mikono miwili," akanong'ona. "Humu mna pumzi ya Simba dume ambaye hajawahi kuogopa tangu azaliwe."

"Lo! Uliipataje?"

"Alipiga mwayo. Nilikuwepo."

Kifaru akakishika kama yai. "Na masharti yake?"

Maana hata mtoto anajua, dawa isiyo na masharti ni mboga.

"Masharti yapo, tena makali!" akasema Nguchiro, macho yanacheza. "Kwanza hakifunguliwi mpaka harusi ipite. Pili, pumzi hii haipendi kutikiswa. Kila asubuhi unakwenda nacho mtoni na kurudi, polepole, mguu huu ufike ndipo ule uondoke. Ukikimbia, inachachuka."

"Na nikiogopa njiani?"

"Ndipo pana kazi! Ukiona kitu kimekutisha, hukimbii. Unasogea karibu, unakiuliza: Wewe nani? Kibuyu kinataka kusikia jina la adui. Halafu kinapata moto, hivyo unakipulizia kama unavyopoza uji. Taratibu. Hili jani likipapatika, umepuliza kwa pupa, rudia. Na jioni unamweleza mkeo kila kilichokutisha, bila kuficha."

"Hata cha aibu?"

"Cha aibu ndicho cha kwanza!"

Asubuhi ya kwanza Kifaru hakufika mbali. Mbele yake jitu jeusi, limeinama, mikono miwili juu. Du! du! du! Pembe zikaanza kuinama zenyewe. Akakumbuka kibuyu. Akameza mate. Akasogea hatua, akasogea nyingine, mpaka pua ikagusa.

"We-we-wewe nani?"

Jitu kimya. Kilikuwa kisiki.

Sasa chekeni. Lakini mkumbuke kwamba yeye hakucheka. Alisimama pale akapuliza, fuuuu, jani likapapatika, akapuliza tena, fuuuuuu, jani likatulia, na ndipo akagundua kuwa hata moyo wake umeteremka kutoka kooni.

Kichaka kilichofuata kikatikisika.

"Wewe nani?"

"Mimi Kanga, mzee! Na wewe unanipumulia machoni kwa nini? Nimelalia mayai hapa!"

"Samahani, Bi Kanga. Nilidhani wewe ni jeshi."

"Jeshi! Nishukuru basi," akasema Kanga, akajipangusa manyoya.

Jioni Kifaru akakaa jikoni karibu na mkewe. "Mama Mashavu, leo nimeogopa kisiki. Na Kanga. Na shuka lako kwenye kamba."

"Lile la maua?"

"Lile la maua."

Mama Mashavu akacheka mpaka akauegemea mwiko. Kifaru akamtazama, akajaribu kukasirika, ikashindikana. Akacheka na yeye. Miaka yote hofu zake alikuwa anazilalia kama Kanga na mayai yake, na leo zimetoka nje, zinaonekana zilivyo.

Si kila siku ilikwenda hivyo. Kuna asubuhi radi ilipiga, akatimka, akatoboa ua mwingine, akarudi na kibuyu amekikumbatia, analia kwamba dawa imeharibika. Nguchiro akakitikisa sikioni, akakinusa, akafumba jicho moja.

"Imechachuka kidogo. Kesho itatulia. Pumzi hii ina huruma."

"Kweli?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Mwezi ukaandama. Ng'ambo ya mto zikasikika: ti-dum! ti-dum! ti-dum! Wakaingia wageni, ngoma mbele, vigelegele nyuma. Korongo safari hii alichagua kusimama mbali na sufuria. Mashavu amepambwa hina mpaka kwenye kwato, anachungulia dirishani, hamtazami bwana harusi. Anamtazama baba yake.

Kifaru alikuwa mkekani, kibuyu kati ya miguu. Moyo unadunda, ndiyo. Anapuliza. Unadunda tena. Anapuliza tena.

"Baba mzazi ajiandae," akatangaza Korongo, akavuka mkeka kwa ile miguu yake mirefu kama fito, na ukucha mmoja ukakinasa kibuyu.

Kacha!

Kikapasuka vipande. Ngoma zikanyamaza. Kila shingo ikainama kutazama.

Ndani hamkuwa na kitu. Palibaki punje moja ya kunde, kavu, imesahaulika humo tangu mavuno.

"Kitupu!" akasema mtu.

Nguchiro alikuwa tayari anatembea kinyumenyume kuelekea mlangoni, anapiga mluzi kama asiyehusika.

Kifaru akavitazama vile vipande. Du! du! du! du! Masikio yakaziba. Miguu ikaingia baridi. Pembe zikaanza kuinama, na mbele yake walikuwa wakwe, ngoma, sufuria, na ua mpya uliokarabatiwa jana. Mama Mashavu akashika mdomo. Dirishani, Mashavu hakupepesa jicho.

Hapo Kifaru akafanya alichozoea kufanya kila asubuhi. Akausogelea ule woga mwenyewe, karibu, pua kwa pua, akauuliza moyoni: Wewe nani?

Akaujua. Ni ule ule. Wa kisiki, wa Kanga, wa shuka la maua.

"Aah, ni wewe," akanong'ona. "Umekuja na harusini? Basi kaa. Pilau litatosha."

Jani hakuwa nalo tena. Akapuliza hivyo hivyo, fuuuuuuu, ndefu, taratibu, mpaka pembe zikainuka. Kisha akanyoosha mkono, akaushika wa bwana harusi, akashangaa. Ulikuwa unatetemeka kuliko wake!

"Pulizia, mwanangu," akamnong'oneza kijana. "Kama uji wa moto. Usiwe na haraka."

Kijana akapuliza. Wote wawili wakapuliza. Ndipo Kifaru akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto:

"Mimi, baba yake Mashavu, nimekuozesha binti yangu!"

"Nimekubali!"

Vigelegele! Ngoma zikarudi, ti-dum! ti-dum! na Mashavu akatoka mbio chumbani, akampita mumewe, akaenda kumkumbatia baba yake shingoni. Korongo alijidai mchanga umemwingia jichoni.

Nguchiro alikuwa amefika mlangoni kamili pale pembe ilipomzibia njia.

"Jirani," akasema Kifaru. "Umenidanganya."

"Nimekudanganya, ndiyo!" Nguchiro akatuna kifua, ingawa mkia ulikuwa umelala. "Na ningefanyaje? Ningekuja nikakwambia, mzee, tembea polepole, uvute pumzi, uongee na mkeo, ungenisikiliza? Ungesema, huyu mwenye mkia kama fagio ananifundisha kutembea! Nikazungushia masharti kwenye kibuyu kitupu, ukayabeba kwa mikono miwili. Maneno matupu ungeyapuuza, kibuyu kitupu ukakiheshimu. Kosa la nani?"

Kifaru akacheka mpaka mkeka ukatikisika. Halafu akainama, akainama mpaka kidevu kikagusa ardhi, ili macho yake yawe sawa na ya yule mdogo.

"Asante, Nguchiro," akasema. "Nilikubomolea nyumba, wewe ukanijengea siku. Asante kwa kila asubuhi. Asante hata kwa kisiki."

Nguchiro, na mdomo wake wote ule, akakosa la kusema. Hiyo ni mara ya pili, na ya tatu haijatokea.

Kesho yake Kifaru alichimba kwa pembe yake nyumba mpya ya Nguchiro, karibu kabisa na jiko, yenye mlango wa mbele na wa nyuma wa kukimbilia, maana alijua jirani yake atauhitaji. Na wasiwasi je, uliondoka? Nani kawaambia? Ulikuja asubuhi ile ile. Kifaru akaupa jina, akaupulizia, wakaenda wote mtoni, polepole, na mara hii hakubeba kibuyu. Jioni akamsimulia mkewe, wakacheka, akamshukuru kwa kumsikiliza, akalala.

Nami nimemaliza, moto ungalipo. Mwenye kuipoza hadithi hii na aipoze kwake; nyinyi mjue tu, hofu haitimuliwi kwa pembe, hupozwa kama uji, pumzi kwa pumzi, pamoja na wanaokupenda.