Nafasi Nane za Sultani Darweshi

Palikuwa na Sultani, jina lake Darweshi, tumbo mbele akili nyuma, ambaye lango la kasri lake lilifunguliwa na kompyuta. Programu ya lango waliiandika makarani sita, na makarani hao walielewana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: mstari ulio chini ya mwenzake uingizwe ndani nafasi ngapi? Huyu mbili, yule nne, wa tatu anabonyeza kitufe kimoja anaruka tu. Asubuhi mmoja akipanga, jioni mwenzake kapangua.

Sultani akasikia makelele. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini mkubwa hakosi neno.

"Nane!" akasema. "Mstari usio na nafasi nane si mstari, na aliyeuandika hakuandika kitu!"

Miongoni mwa makarani alikuwamo Mize binti Kheri, mama wa mtoto wa miezi minne. Akilala chumba cha uani humo humo kasrini, kwingine hana. Ulimi wake humtangulia kila aendako, moyo unafuata nyuma ukitetemeka.

"Seyyid, kioo cha kompyuta yangu kidogo. Nikisukuma nane, maneno yanatokea nje."

"Nunua kikubwa."

"Mshahara wako, Seyyid, ndio ulioninunulia hiki. Na lango lenyewe halijali. Weka mbili, weka nane, linafunguka vilevile."

"Lango halijali, mimi najali! Nani mkubwa, mimi au lango?"

"Tutajua siku mtakapogombana."

Sultani akafura. Akakaa kitini mwenyewe, akaonyeshwa pa kubonyeza, akabonyeza, na mistari yote elfu tisa ikasogea nafasi nane kama askari walioona fimbo. Sasa, kazi ile ina desturi yake: pembeni ya kila mstari daftari la programu huweka jina la aliyeugusa mwisho, ili pakiharibika ijulikane aulizwe nani.

"Tutie jina la karani, Seyyid?" akauliza Mize.

"Karani ni nani? Tia langu! Mstari kwa mstari!"

Likatiwa.

Ijumaa, Sultani akarudi kutoka msikitini na wageni wake, kilemba kipya, na lango likagoma. Jua la saa saba! Akapiga mateke, akaamrisha, akabembeleza. Punda wa muuza maji akapita, akamtazama, akaenda zake.

Ndani, Mize, mtoto kifuani, akautafuta mstari mbovu, akaupata. Wake! Aliuandika mtoto ana homa: penye saa saba, saa ya kufungua lango Ijumaa, akatia saa nane. Akanyoosha kidole aurekebishe, akakirudisha mbio kama aliyegusa kaa la moto: akiugusa tu, jina linakuwa lake. Akaketi, akambana mwanawe, akangoja.

Saa nane kamili lango likafunguka lenyewe. Sultani akaingia ametota jasho, akamwita kadhi, akala yamini mbele ya wageni wote.

"Wallahi, ambaye jina lake liko kwenye mstari uliolifunga lango atajitwika kitanda chake atoke mji huu kabla ya alasiri!" Na macho kwa Mize.

Mize akakiona kitanda chake cha kamba kichwani, akamwona mwanawe barabarani.

Kadhi akaonyeshwa mstari huo daftarini. Akasoma. Akafuta miwani. Akasoma tena.

"Soma kwa sauti, Sheikh!"

"Sultani Darweshi."

Mgeni mmoja akakohoa, na kikohozi hana.

"Mimi niliweka nafasi tu!" Sultani akafoka. "Kabla yangu ulikuwa wa nani? Wewe binti, sema!"

Ulimi wa Mize ulikwisha kutangulia.

"Kabla yako, Seyyid, ulikuwa na nafasi mbili. Na wa nafasi mbili ulisema mwenyewe si mstari, na aliyeuandika hakuandika kitu. Au amri imebadilika?"

Wageni wakamgeukia Sultani, wote kwa pamoja.

"Amri yangu haibadiliki!"

"Na yamini?"

"Wala yamini!"

"Basi changu cha kamba nakiacha pale pale uani, mwanangu alale. Chako, Seyyid, ni cha mti wa msaji, kizito. Utakibeba peke yako, au tukupokee mpaka langoni?"