Makofi ya Ushuru wa Beseni

Hii mimi nilikuwepo. Sikuhadithiwa, sikusoma gazetini, wala hakuna shemeji wa mtu aliyeniambia. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa Rais, tena hatua za mtu mfupi. Alipokohoa, mate yakanigusa shavuni, na shavu lenyewe sikuliosha siku tisa. Anayebisha aje aninuse.

Haya. Hapo zamani, na zamani yenyewe siyo ya mbali maana viatu nilivyovaa siku ile bado vinanibana, palikuwa na nchi iliyopata Rais mpya. Nchi gani, usiniulize. Jiografia ilifundishwa darasa la sita, na mimi la sita nililitazamia dirishani. Rais alikuwa mpya kabisa, hata lebo ya dukani haijabanduliwa. Akasema atazunguka miji yote kuhutubia juu ya uchumi. Na mji wa kwanza ukawa wetu, Kibwando.

Sasa Kibwando kuna kazi ambayo nyie huku kwenu hamna. Kuna mshika kitambaa. Spika za mji ule zina umri wa babu yangu na ukaidi wa bibi yangu. Zikiwashwa zinasema "mabibi na mabwana", halafu zinakata roho. Kwa hiyo mkubwa akija kuhutubia, walio mbele kabisa wanasikia, na wengine elfu themanini wanatazama kitambaa. Elfu themanini nimehesabu mwenyewe, kwa kidole.

Mshika kitambaa alikuwa Lugendo, mtu mwembamba, mpole, amevaa suruali ya shughuli. Yeye anakaa mbele, miguuni pa jukwaa, na nakala ya hotuba mapajani. Katibu wa mji ameshamtilia alama: wino mwekundu, pandisha kitambaa. Pasipo na wino, tulia. Kitambaa cheupe kikipanda, tunapiga makofi. Kikishuka, tunanyamaza. Miaka kumi na minne tumeshangilia hivyo, na hakuna mkubwa aliyewahi kuondoka Kibwando amenuna.

Vigelegele vilikuwa na mwenyewe. Bi Sikudhani, muuza dagaa, mwanamke wa kifua na sauti. Akipiga kigelegele kimoja, kuku wa tarafa ya pili wanataga kabla ya siku zao. Wala hakuna mwanamke wa soko anayefungua kinywa kabla yake. Naye alikaa mbele, beseni lake la dagaa magotini.

Basi Rais akapanda jukwaani, palepale sokoni. Akasema, "Mabibi na mabwana." Spika zikafa. Akaendelea hivyohivyo bila kujua, anaongea na sisi wachache wa mbele.

Akasema uchumi umelala, tuuamshe. Kitambaa juu. Makofi!

Akasema tufunge mikanda. Kitambaa juu. Makofi! Tena aliyeshangilia kuliko wote alikuwa jamaa mmoja ambaye suruali yake imefungwa kwa kamba ya katani.

Nyuma huko nasikia wanaulizana, "Hotuba unaionaje?"

"Nzuri sana ndugu yangu. Huyu anaujua uchumi."

"Kasemaje?"

"Sijui. Ila kasema vizuri."

Rais akageuza karatasi. Akasema, "Ndugu zangu, kuanzia mwezi ujao, kila beseni litakaloingia sokoni litalipiwa ushuru, kila siku, mlangoni."

Mimi nilipata baridi. Soko lile la Kibwando lote ni beseni. Nyanya chungu beseni, maandazi beseni, dagaa beseni. Mama aliyepata faida ya kibaba kimoja cha unga atalipa ushuru, halafu arudi nyumbani na beseni tupu na mkono mtupu. Ushuru ule ukipita, soko limekufa. Hapo hapakuwa na wino mwekundu. Nilichungulia nakala, pameandikwa: tulia.

Lugendo akapiga chafya.

Jamani, chafya! Haikuwa chafya ya binadamu. Mwavuli wa Katibu uligeuka ndani nje. Na mtu akipiga chafya anafanyaje? Anapeleka kitambaa puani. Kitambaa kikapanda, na watu elfu themanini wakapiga makofi kwa ushuru wa mabeseni yao wenyewe.

Rais akashtuka. Aliyemwandikia hotuba alikuwa ameandika pembeni: hapa watanuna, kunywa maji. Glasi tayari ilikuwa mdomoni. Akaiweka chini.

"Mmeupenda?" akauliza.

Chafya! Kitambaa juu. Makofi!

"Mnaupenda kweli? Basi na ndoo je, nazo tuzitoze?"

Chafya! Kitambaa juu. Makofi, na miluzi!

Rais akavua miwani. Akatutazama kama mtu anayetazama mbuzi anayepika. Akasema polepole, "Na kivuli mnachokalia. Nacho nikitoze?"

Chafya! Kitambaa juu. Makofi! Kofia zikarushwa. Nyingine mpaka leo hazijashuka.

Lakini vigelegele, hakuna. Hata kimoja. Rais akageuza kichwa upande wa wanawake, akamwona Bi Sikudhani. Na Bi Sikudhani, mbele ya macho yake, akamwaga dagaa kwenye khanga, akaligeuza beseni chini juu, akalikalia. Ko! Na wanawake wote nyuma yake, ko, ko, ko, ko, mpaka mwisho wa soko. Kibwando muuzaji akikalia beseni lake, maana yake hauzi tena leo, usimuulize bei.

Rais akasema, "Mama, mbona kimya? Mimi nimekulia kwa watu. Makofi haya yote bila kigelegele, hata kwenye ubatizo wa adui sijawahi kuyaona."

Bi Sikudhani akatazama pembeni.

"Kuna nini hapa? Niambieni."

Rais akasubiri jibu. Katibu anatabasamu kwa meno tu, macho yanalia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa. Fundi Masanyiwa, fundi wa baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Alimwona Rais amenyamaza akadhani hotuba imeisha. Akapanda juu ya baiskeli ya mteja, akapayuka, "Mheshimiwa Rais! Hatukusikii! Spika zimekufa tangu mabibi na mabwana! Tunapiga makofi kwa kutazama kitambaa!"

Askari wawili wakamdaka shingoni, akaning'inia kama koti.

"Mwacheni!" Rais akasema. Akashuka jukwaani, akatembea kwa miguu mpaka katikati ya watu, akajaza kifua, akairudia ile ya beseni kwa mdomo mtupu.

Ndio watu wanaisikia mara ya kwanza. Wacha! Mguno uliotoka pale uliangusha mapapai. "Beseni langu mimi?" "Hata la viraka?" "Tulipigie makofi hili?" Mzee mmoja akawa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Rais akaichana ile karatasi. Akasema, "Ushuru wa beseni umekufa leo. Nilikuwa naondoka hapa nikawaambie wenzangu kwamba wananchi wanautaka, tena wanataka na ushuru wa kivuli. Mmoja wenu ameniokoa na aibu hiyo. Mtu huyo nampa mashine ya kusaga, mpya. Ni moja, na mtu mmoja. Mchagueni wenyewe, nyie ndio mnajuana."

Akaondoka. Vumbi la msafara wake lilikaa hewani mpaka Ijumaa.

Huku nyuma Katibu akamshika Lugendo mkanda wa suruali. "Kitambaa kilipanda kwa nini pale? Nilikuandikia nini? Nani amekutuma?"

Sauti ikatoka, "Mwacheni, ana mafua huyo! Kapiga chafya!"

Lugendo akasema, "Chafya, Katibu. Nisamehe."

Katibu akamwachia. Nani atamfunga mtu kwa mafua? Ila kitambaa akanyang'anywa, na kazi ikaishia pale.

Mashine ikaletwa kweli, imefunikwa turubai, ikawekwa mbele ya ofisi. Na nyie mliozaliwa karibu na mashine hamjui kitu. Kibwando tulikuwa tunabeba mahindi kichwani mpaka mji wa jirani, mwendo ambao ukienda kijana unarudi na mvi. Mwenye mashine ile ndiye ambaye watoto wake watakula mpaka wasahau njaa inaandikwaje. Mkutano ukaitwa. Wakaja watatu.

Bi Sikudhani akasimama. "Mashine ni yangu. Rais alijua kuna kasoro kwa sababu vigelegele havikuja. Na vigelegele ni mimi. Kila mtu alipiga makofi, mimi nilikalia beseni langu. Dagaa wangu wakaharibika, mtoto wangu akalala na uji. Ningepiga kigelegele kimoja tu, ushuru ungepita, na leo mngekuwa mnalipia vivuli."

Masanyiwa akadakia. "Shangazi, kukalia beseni ni kupumzika! Ulikaa mbele, ulisikia kila neno. Rais wa nchi akakuuliza kwa mdomo wake, 'Mama, kuna nini?' Ukatazama pembeni. Kimya chako angekielewa nani? Mashine ni yangu. Mimi ndiye niliyesema. Shingo yangu mpaka leo haigeuki kushoto, mtu akiniita upande huo nazunguka mwili mzima."

"Eeh, ulisema," Bi Sikudhani akamgeukia. "Baada ya kushangilia beseni, ukashangilia ndoo, ukashangilia kivuli. Na ile miluzi nani alipiga? Si wewe? Ulimwambia Rais husikii. Hukumwambia hutaki. Ulikuwa unalalamikia spika, baba, hukulalamikia ushuru!"

Watu wakacheka mpaka Masanyiwa mwenyewe akacheka. Akasema, "Sawa, nililalamikia spika. Lakini usingekuwa mdomo wangu, angeshuka jukwaani?"

Watu wakaitikia kwa vichwa, maana lilikuwa neno la kweli.

Ndipo Lugendo akasimama, mikono haijui pa kukaa bila kitambaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi naomba nifikiriwe. Makofi yasingetoka pale, Rais angeusoma ule mstari, angekunywa maji yake, angegeuza karatasi. Bi Sikudhani asingepata cha kukataa. Fundi asingeona Rais amenyamaza. Ushuru ungepita kimyakimya kama ulivyopangwa. Na aliyepoteza kazi ni mimi peke yangu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

"Wewe ni pua yako ndiyo iliyofanya!" Masanyiwa akasema. "Tuipe pua mashine?"

"Na ile miaka kumi na minne?" Bi Sikudhani akauliza. Huyu hakucheka. "Bei ya mafuta ya taa ilipopanda, nani alitupigisha makofi? Zahanati ilipofungwa, nani alipandisha kitambaa? Lugendo, mdogo wangu, ukiumwa mafua siku moja ndiyo tukusahaulie yote?"

Lugendo akakaa.

Mkutano ule ulikaa siku tatu. Wengine Bi Sikudhani, wengine Masanyiwa. Ndugu wakanuniana, mchumba mmoja akarudishiwa mahari, na waliokuwa hawana msimamo wakapigwa na pande zote mbili. Mashine chini ya turubai inatazamana na mahindi yasiyosagwa.

Haya, nimefika mwisho wa njia yangu, iliyobaki ni ya kwenu. Aliyekataa kushangilia lakini hakusema. Aliyesema lakini alikuwa ameshangilia. Na aliyetushangilisha. Je, nani alistahili mashine?

Naam, semeni. Nyie wa karibu na mlango mnasema Bi Sikudhani. Huyu mwenye kofia anasema fundi, kwa sababu na yeye ana mdomo. Wengine? Nani mwingine?

Naona Lugendo hamumtaji. Hata kule hakutajwa. Mwenye chafya apewe pole, si mashine.

Basi ngoja niwaambie, maana hili linanikaa vibaya. Yote niliyowaambia ni kweli. Watu elfu themanini ni kweli, mapapai ni kweli, kofia ambazo hazijashuka nendeni mkazitazame. Kitu kimoja tu si kweli. Chafya.

Hakuna aliyepiga chafya siku ile. Nilikuwa nimesimama pale, ubavuni pake. Pua yake ilikuwa kavu kama kokoto. Alikisoma kile kimstari, akamtazama mama mmoja mwenye beseni, akamtazama Rais, na mkono akaupandisha mwenyewe mara nne, polepole. Katibu, ambaye alikuwa ameona mgongo wake tu, alipomshika mkanda, mimi ndiye niliyepiga kelele kwamba ana mafua. Ile chafya niliizua mimi.