Tonge la Mwaka na Mwiko wa Funo

— Hadithi, hadithi!
— Hadithi ije tuione!
— Yangu imetoka ufukweni, ina chumvi.
— Chumvi ya nini?
— Ya bahari, na ya machozi.
— Imimine, tupo!

Basi nyamazeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa hivi umalize, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama wa mwituni walikuwa na desturi yao. Siku ya mwaka ikifika, waliteremka wote pwani kukoga. Walijimwagia maji ya chumvi, wakajisugua kwa mchanga, na uchafu wa mwaka mzima ukaenda na maji. Wakisha kukoga hupika. Wakisha kupika hula tonge la mwaka.

Tonge la mwaka lilikuwa hivi. Wali mmoja, sinia moja, wote wamelizunguka. Kila mnyama humlisha jirani yake wa kulia kwa mkono wake mwenyewe. Anayelishwa haulizi ndani mna nini. Anafumba macho, anakula. Akikataa, walisema, na mvua itakataa.

Nani aliwahi kuiona mvua ikikataa kwa ajili ya tonge? Hakuna. Lakini babu zao walisema hivyo, na wao wakasema hivyo.

Sasa, siku hizo alikuwepo binti mmoja, Funo. Mnamjua funo? Ndugu yake paa, mdogo, mwekundu, miguu kama vijiti vya moto. Huyu Funo alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma, na mama yake alikuwa amekaa eda, hatoki nje ya nyumba.

Na Funo alikuwa na jambo lake. Alikuwa hali kaa, hali uduvi. Tangu mdogo, akivionja tu, mwili unamwasha, vipele vinamtoka, macho yanavimba. Akiligusa gamba la kaa, mkono unaota mabaka. Hakulitaka jambo hilo. Alizaliwa nalo, kama wengine walivyozaliwa na mkia mfupi.

Rafiki yake alikuwa Komba. Walisukana, walilala mkeka mmoja, walikula pamoja. Komba alikuwa na moyo mzuri, lakini alipenda mzaha. Mtu wa mzaha akikupenda, mpende kwa hadhari.

Asubuhi ya siku ya mwaka Komba akaja kumchukua mwenzake.

"Hodi, mama!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba." Mama Funo akasimama ndani ya mlango, nguo yake nyeupe ya eda imemfunika hadi usoni. Akasema, "Komba, mwanangu, mimi siwezi kutoka. Baba yake amekwenda, nimebaki na huyu tu. Kaa asiguse, uduvi asionje. Namtia mkononi mwako."

"Ondoa shaka, mama. Nitamlinda kama mboni ya jicho langu."

Na macho ya komba mnayajua yalivyo makubwa. Mama akaridhika.

Wakateremka pwani. Wakakoga, wakacheza, wakarushiana mchanga. Funo alicheka siku ile, jamani! Tangu baba yake azikwe hakuwa amecheka. Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia hapo.

Wakatoka majini wakamkuta Nguchiro, mpishi wao, anakoroga chungu cha supu ya kaa. Nguchiro akachota kwa upawa, akamletea Funo. Upawa ukayumba, tone likamwangukia mkononi. Mara ngozi ikavimba, vipele vikaota kimoja, viwili, vitatu, mkono mzima. Funo akajikuna, akarudi nyuma, akaimba:

*Si maringo, si madeko,*
*Mwili wangu una mwiko.*
*Kwenu tamu, kwangu moto,*
*Niacheni, mimi mtoto.*

Nguchiro akakasirika. "Supu yangu ina sumu? Wote wamekunywa, nani amekufa? Una madeko tu, binti!"

Wanyama wakacheka. Komba hakucheka. Akamchukua mwenzake kisimani, akamwosha kwa maji baridi. Vipele vikanywea, vikaondoka.

Wakarudi. Jua limekuwa kali, mchanga unaunguza. Mzee Ngiri, mkubwa wao, akawaita kivulini. "Keti hapa, binti, mkeka upo." Funo akaketi. Kumbe ule mkeka ulianikiwa uduvi tangu juzi! Haukukung'utwa vizuri, na unga wa uduvi umejaa kwenye ukindu. Haukupita muda mapaja yakaanza kuwasha, mgongo ukaanza kuwasha, mabaka mekundu yakapanda hadi shingoni. Funo akainuka mbio, anajikuna, machozi yanamtoka, akaimba:

*Si maringo, si madeko,*
*Mwili wangu una mwiko.*
*Kwenu tamu, kwangu moto,*
*Niacheni, mimi mtoto.*

Mzee Ngiri akatikisa kichwa. "Hilo ni joto tu. Mtoto kafungiwa ndani na mama yake, jua limemchoma. Mkimdekeza, hata upepo utamtoa vipele."

Wanyama wakacheka. Na safari hii Komba naye akacheka kidogo. Akampeleka tena kisimani, akamwosha. Ilichukua muda zaidi, lakini mabaka yakanywea, yakaondoka.

Hapo ndipo Komba alipokosea, nisikilizeni vizuri. Alijiambia, "Vimetoka mara mbili, vimeondoka mara mbili. Kumbe haviui! Ni hofu tu aliyotiwa na mama yake."

Funo akamshika mkono. "Shoga, wakati wa tonge niketi kulia kwako. Wewe ndiye unilishe. Nikijua ni mkono wako, sitaogopa."

"Haya, shoga," akasema Komba.

Akaenda kando. Akachukua uduvi, akautwanga juu ya jiwe mpaka ukawa unga laini, akaufunga kwenye jani. Alimpenda mwenzake, wallahi alimpenda. Alisema moyoni, "Atakula, hatadhurika, nitamwambia mbele ya wote: umekula uduvi, ona, uko mzima! Tutacheka. Na hakuna atakayemwita mwenye madeko tena." Ndivyo alivyowaza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini Komba siku ile masikio yake makubwa hayakusikia.

Sinia likaletwa, wali wa nazi unafuka moshi. Wakazunguka. Mzee Ngiri akasema, "Bismillahi, mwaka mwema!" Mikono ikaingia. Komba akafinyanga tonge, akalichovya kwenye jani, akalifunika kwa wali mweupe.

Funo akafumba macho. Akafungua mdomo. Akala.

Komba akangoja. Akahesabu moyoni moja, mbili, tatu. Funo yu mzima. Komba akatabasamu, akafungua mdomo aseme.

Funo akashika koo.

Midomo ikavimba, ulimi ukavimba, macho yakafungika. Vipele havikuota kimoja kimoja, viliota vyote kwa pamoja. Akamgeukia Komba, akajaribu kuimba:

*Si maringo, si ma...*

Sauti ikakatika.

"Anaigiza," akasema Nguchiro.

"Mpeni maji, ni kwikwi," akasema Mzee Ngiri.

Komba akaruka, akapiga kelele, "Haigizi! Nimemlisha uduvi! Mimi, kwa mkono wangu! Mbebeni!"

Wakambeba hadi kisimani. Komba akammwagia maji. Akammwagia tena. Akammwagia mara ya tatu, analia, "Ondokeni, vipele, mliondoka asubuhi, ondokeni!" Havikuondoka. Pumzi ya Funo ikawa nyembamba, ikawa uzi, uzi ukakatika. Binti wa watu akafa pale, nywele bado zina mchanga wa kucheza.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sinia likabaki ufukweni. Hakuna mwingine aliyelila tonge lake, kunguru waliumaliza wali. Na mvua ya mwaka ule ilinyesha kama miaka yote.

Wakambeba hadi kwao. Mama Funo akasikia miguu mingi. Akajua. Miguu ya furaha haiji taratibu hivyo. Akafungua mlango, akamtazama mwanawe, akamfunika kwa ncha ya nguo yake nyeupe. Kisha akawauliza mmoja mmoja.

"Nguchiro, mwanangu alikwambia kuwa kaa humdhuru?"

Nguchiro akainama. "Aliniambia, mama. Nikasema anadharau mapishi yangu."

"Mzee Ngiri, alikwambia?"

"Aliniambia. Nikasema ni jua."

Akamgeukia Komba. Komba alikuwa chini, kichwa mchangani.

"Komba, mwanangu. Wewe alikwambia?"

"Aliniambia," akasema Komba. "Na wewe uliniambia. Nilitaka kuwaonyesha kuwa hana ugonjwa, mama. Nilitaka wasimcheke."

Wote wakangoja Mama Funo amlaani. Hakumlaani. Afadhali angemlaani, maana laana ina maneno, mtu huyajibu. Alimtazama tu, akasema:

"Eda ya mume wangu ilikuwa imebaki siku arubaini. Nilikuwa nazihesabu, nitoke nikamtembeze mwanangu. Sasa hii uliyoniongezea, Komba, inakwisha lini?"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Komba akakaa mlangoni pale. Akabisha hodi, hakujibiwa. Akabisha tena, hakujibiwa. Akabisha mara ya tatu, akasikia mama analia, analia polepole kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Komba hakuweza kuvumilia. Akakimbia, akapanda juu mtini, na kile kilio akakichukua. Mpaka leo, mkisikia mwituni sauti kama ya mtoto mchanga, huyo si mtoto. Huyo ni komba, analia kilio cha mama yule, na macho yake hukaa wazi usiku kucha kwa sababu hawezi kuyafumba. Akiyafumba anamwona mwenzake amefungua mdomo, anangoja tonge.

Basi, wanangu, mafunzo ni haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwili usiouvaa hujui unavyowasha. Mwenzio akikwambia, "Hiki kinanidhuru," usimpime, usimcheke, usimjaribu kwa siri eti umponye. Mwamini. Ikiwa ni madeko, umepoteza tonge moja la wali. Ikiwa si madeko, utamjibu nini mama yake?

— Je, mmesikia?
— Tumesikia!
— Hadithi yangu nimeitua hapa, kichwa kimechoka kuibeba.
— Tumeipokea.
— Anayeweza kuibeba aende nayo. Anayelia, alie, hapa hakuna wa kumcheka.