Matanga ya Mtu Mzima

Paukwa!
Pakawa!
Huko nyuma mmenong'ona. Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo kale, kale iliyomzidi bibi yangu na bibi yake, palikuwa na mwanamke jina lake Siwatu. Mumewe, Mbaruku, alimwacha na watoto watatu, wa kwanza Mize. Siku ya talaka Mbaruku aliapa mbele ya wazee: "Kila mwezi ukiandama, nitaleta pishi tatu za mtama. Kila mtoto pishi yake."

Mwezi ukaandama. Mtama haukuja.

Siwatu akaenda kubisha, ngo ngo ngo! "Baba Mize, watoto wako hawana chakula."

"Mtama umeingia wadudu."

Mwezi wa pili, ngo ngo ngo!

"Mguu unaniuma, siwezi kupanda ghalani."

Mwezi wa tatu, ngo ngo ngo! Safari hii aliitikia mke mpya: "Hayupo!" Na chini ya mlango Siwatu anaiona miguu ya Mbaruku, vidole vyote kumi.

Nyumbani watoto walikunywa mlenda bila ugali. Yule wa mwisho akafikia hata kulia halii tena. Hilo ndilo lililomtisha Siwatu. Akambeba mgongoni, akaenda kwa Bi Mwanaate, kikongwe aliyeamua kesi za kijiji. Jino hakuwa nalo hata moja, lakini ulimi wake ulitafuna.

"Walisema hayupo?"

"Ndiyo, bibi. Na miguu yake nimeiona."

"Baba hayupo, watoto wana njaa. Basi amekufa, mjukuu wangu. Twende tukamlilie."

Asubuhi Bi Mwanaate akaketi barazani kwa Mbaruku, mikono kichwani. "Uwiii! Mbaruku katutoka!"

Majirani mbio, pu pu pu! Majamvi yakatandikwa. Siwatu akaambiwa alie. Kwanza kicheko kilimkaba, akajifunika kanga. Kisha akahisi wepesi wa mtoto mgongoni. Machozi yakaja yenyewe, akalia kilio cha kweli.

Mbaruku akachomoka ndani, shuka mkononi. "Kafa nani?"

"Wewe," akasema Bi Mwanaate. "Kaa kando, usisumbue wafiwa."

"Mimi mzima!"

"Maiti wa siku hizi wabishi," kikongwe akawaambia watu. "Haya, tugawe mirathi. Ghala, la watoto. Mbuzi, wa watoto."

Vijana wakamfungua beberu. Meee!

"Mwacheni beberu wangu! Naona, nasikia, napumua!"

"Hata chura anapumua. Baba akiwa mzima, wanawe hula. Wako wamekula?"

Mbaruku akawatazama watu. Hakuna aliyeinuka jamvini. Akapanda ghalani mwenyewe, akashusha pishi tisa, akazitua miguuni pa Siwatu.

"Bibi, kumbe amefufuka?" wakauliza majirani.

"Leo, ndiyo. Mwezi ukiandama tutakuja kumtazama tena. Majamvi msiyaweke mbali."

Tangu hapo, kila mwezi ulipoandama, Mbaruku alionekana njiani na kapu la mtama kichwani, akielekea kwa Siwatu, akipaza sauti nyumba hata nyumba: "Mimi mzima jamani! Mzima mimi!"

Ndiyo maana wazee husema, uhai wa mzazi hupimwa kwenye chungu cha wanawe.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini. Mwenye mtoto asiyekula kwake, na ainuke.